Siku Tatu Baada ya Dhamana

Dhamana ilikufa Jumanne, runinga ikafuata Ijumaa.
Haikungoja hata matanga yaishe.
Saa mbili usiku, mtangazaji yuko katikati ya jina la mtu,
kioo kikafumba. Sauti ikabaki
inaendelea na habari,
kama mgeni asiyeelewa kwamba taa imezimwa
ili aage aende.

Afayo akaipiga mgongoni, mara mbili, kama mtu aliyepaliwa.
Mimi nikachomoa waya, nikahesabu hadi mia, nikachomeka.
Sauti tu.
Nikavuta kopo la biskuti uvunguni:
kadi ya chanjo, mkataba wa kiwanja cha Awindiri,
na kile kikaratasi chenye muhuri wa buluu,
miezi kumi na miwili.
Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena kwa kalenda,
labda kalenda ina huruma.

Dukani, mjini Arua, Kiggundu ndiye aliyeniuzia.
Aliniita mama hadi bodaboda ilipoondoka na boksi.
Leo ananiita madamu.
Anaisoma kadi polepole, ameiinua kwenye mwanga
kama daktari mwenye picha ya eksirei.
"Siku tatu, madamu. Ungewahi Jumatatu…"
Jumatatu ilikuwa nzima!
Siku tatu, namwambia, hata yai halijaoza.
Anasema si yeye, ni kompyuta inayokataa.
Nyuma yake runinga ishirini zinaonyesha ua lilelile
likichanua, likichanua,
katika nchi isiyo na vumbi.

Basi nikampelekea Ezati, nyuma ya soko,
penye mafuvu ya redio na harufu ya risasi iliyoyeyuka.
Hakuuliza kadi.
Alishusha turubai la mlangoni, akawasha tochi ya simu,
akaigusisha kioo kile cheusi.
"Tazama."
Humo ndani, hafifu, kama mtu nyuma ya chandarua,
mtangazaji alikuwepo, anafunua mdomo.

"Picha haijafa, mwalimu. Kilichokufa ni taa ya nyuma.
Vitaa hivi vimeshikana mikono,
kimoja kikiungua, vyote vinalala.
Elfu tisini.
Basi themanini, ulimfundisha mdogo wangu."
Elfu themanini huishi mwisho wa mwezi.
Leo tarehe tisa.

Kwa hiyo sasa tunatazama mpira kwa tochi.
Afayo anashika, sisi tunapewa dunia kiduara kiduara:
goti, nyasi, nusu ya mwamuzi.
"Fuata mpira!" Tochi inakimbia,
mpira umeshakwenda gizani.

Mama ameketi pale pale, kwenye mkeka wake.
Mtoto wa jicho amemshushia pazia, mwaka wa pili huu,
na mwaka wa pili huu anauliza, "Sasa kuna nini?"
nasi tunajibu, "Ngoja, mama, utaelewa."
Leo sisi ndio tunaouliza.
Anainamisha kichwa. Anausikia uwanja ukivuta pumzi.
"Amekosa," anasema. "Yule wa kushoto."
Afayo anapeleka tochi kushoto:
kweli, mtu amejishika kichwa.

Wakati wa mapumziko akasema,
"Na haya macho yangu, dhamana yake iliisha lini?"
Akacheka peke yake, akajifuta kwa ncha ya leso.
Mimi sikucheka.
Mwaka wa pili huu nimesema mwezi ujao,
na runinga nimeikimbilia kwa fundi kabla ya Jumapili.

Walipolala nililivuta tena lile kopo.
Nikakigeuza kikaratasi cha muhuri.
Upande wa nyuma hakuna aliyeandika kitu, ni mweupe kabisa.
Nikaandika kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia:

tarehe thelathini, hospitali.
Jicho la kulia kwanza.

Runinga itangoja.
Sauti inayo.